Pwani, TUM au Bandari: mtoto wa Malindi anayetaka mambo ya bahari aombe chuo gani?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka, hapa Malindi huanza msimu wa maswali. Huyu anakuja na babake, yule na shangazi yake, na swali ni moja: "Mwalimu, niweke chuo gani mwanzo?" Wengi hawajajua wanataka kazi gani, na mazungumzo yao ni mengine. Leo nawaandikia wale wenye nusu ya jibu tayari: wanataka kazi ya bahari. Wamelelewa Shela, Mayungu, Watamu au Ngomeni, wajomba zao ni wavuvi au manahodha wa boti za watalii, na bahari wanaipenda kweli. Kinachowatatiza ni mlango wa kupitia.

Milango iliyo karibu nasi ni mitatu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kilomita 60 hivi kutoka Malindi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho kila mtu hukiita TUM, kiko Tudor. Na Bandari Maritime Academy, ambayo wazee bado wanaiita Bandari College, iko Mombasa vilevile. Watu huvitaja vitatu hivi kwa pumzi moja, "vyuo vya bahari", na hapo ndipo mtoto anapopotea. Anaweka jina lililo rahisi kulikumbuka, au alikokwenda binamu yake, kisha mwaka wa pili ndio anagundua kwamba alichokitaka kinafundishwa kwingine.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Mtoto wa Malindi mwenye alama ya C+ au zaidi, anayependa Biolojia na anayetaka kubaki na miamba, samaki na mikoko ya kwao, namwambia aweke Pwani mwanzo. Anayetaka kupanda meli na kwenda nayo, Pwani si pake hata akipata A. Mwenye mkono wa ufundi, TUM. Yaliyobaki ni kueleza kwa nini, na ni wapi msimamo huu unalegea.

Kazi tatu zinazoitwa kwa jina moja

Anayesema "nataka kazi ya bahari" anaweza kuwa anasema mojawapo ya mambo matatu.

La kwanza ni kuijua bahari. Kuhesabu samaki kwenye mwamba, kupima joto na chumvi ya maji, kueleza kwa nini tafi wamepungua mahali fulani, kulinda viota vya kasa, kumshauri anayetunga kanuni za uvuvi. Waajiri wa kazi hii wako hapa hapa. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iliyoanzishwa 1979, ina makao makuu Mombasa. Shirika la wanyamapori, KWS, linasimamia hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambazo zilitengwa 1968 zikiwa za kwanza nchini Kenya. Kaunti ina maafisa wa uvuvi. Watamu kuna mashirika ya uhifadhi kama A Rocha Kenya na Local Ocean Conservation. Nafasi si nyingi kila mwaka, na nyingi ni za mikataba ya mradi, miaka miwili mitatu kisha unatafuta tena. Mzazi alijue hilo kabla ya kutia saini.

La pili ni kuisafiri bahari: ubaharia. Hapa kuna wa sitaha na wa injini, kuna baharia wa kawaida na kuna afisa, na mbele kabisa kuna nahodha. Mshahara wake ukipatikana ni mzuri, na hulipwa na kampuni za nje. Gharama yake ni miezi mingi mbali na nyumbani, Ramadhani ikukute katikati ya maji na arusi za ndugu uzione kwenye simu.

La tatu ni kuihudumia mitambo ya bahari: injini za boti na meli, majokofu ya samaki, umeme, uchomeleaji, kreni za bandarini. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lianze kazi 2021, na sasa yako matatu, vijana wa huku kaskazini wameanza kuliuliza hili zaidi. Hata bandari isingekuwapo, Malindi na Watamu zina boti za kutosha zenye injini zinazoharibika kila msimu wa kusi, na fundi mwenye elimu ya kweli hakai bure.

Mtoto akishasema anataka lipi kati ya haya, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Vyuo vilikotoka

Hili nitalipita haraka, lakini lina maana, kwa sababu chuo hubaki na tabia ya kilikozaliwa. Pwani kilianzia kwenye chuo cha kilimo, Kilifi Institute of Agriculture. Kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta 2007, kisha kikapewa hati ya kujitegemea 2013. Sayansi ya viumbe, shamba na ualimu ndiyo damu yake. TUM kilianza miaka ya mwisho ya ukoloni kwa jina la MIOME, chuo cha ufundi kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Kilifunguliwa kwa watu wote 1966, kikawa politekniki 1972, na chuo kikuu kamili 2013. Karakana kilikuwa nazo kabla ya kufikiria kutoa digrii. Bandari ilikuwa shule ya Mamlaka ya Bandari ya kufundishia wafanyakazi wake, hadi 2018 ilipofanywa taasisi ya taifa ya mafunzo ya bahari.

Maabara, karakana, gati: hivyo ndivyo ninavyowaeleza wazazi wenye haraka.

Vitendo: hapa ndipo pa kuuliza sana

Vyeti vyote hupigwa mhuri. Tofauti iko kwenye kile mwanafunzi alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe, na katika elimu ya bahari tofauti hiyo ni kubwa kuliko katika masomo mengine mengi.

Nianze na Pwani. Shahada yake ya Biolojia ya Bahari na Uvuvi inafundishwa mahali ambapo hori ya Kilifi iko karibu. Mwanafunzi wa Nairobi anayesoma viumbe vya bahari husubiri safari ya mafunzo. Wa Kilifi anaweza kwenda kuangalia maji yanavyopwa wakati wa bamvua akarudi darasani mchana huohuo. Kwa mtoto wa Malindi kuna faida ya zaidi, nayo watu huisahau: mahali pa kufanyia utafiti wa mwaka wa mwisho ni kwao.

Fikiria maswali yaliyolala mlangoni petu. Mto Sabaki ukifurika, maji ya ghuba ya Malindi hugeuka rangi ya udongo, na tope hilo hutua mpaka kwenye matumbawe. Matumbawe yanaistahimilije? Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakavitoa vijimea vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe, na sehemu kubwa ikafa pwani nzima ya Kenya. Mwaka 2016 joto likarudi. Mwamba gani wa Malindi umepona na upi haujapona? Kule ghuba ya Ungwana, meli za kukokota nyavu za kamba na wavuvi wadogo wamegombana kwa miaka mingi. Nani anavua nini, kwa kina gani? Wavuvi wetu wana vikundi vyao vya kusimamia fukwe, BMU, vilivyopewa kanuni 2007. Je, vinafanya kazi? Haya yote ni maswali ya utafiti, na kijana ambaye babu yake alivua kwa malema atapata majibu kwa wazee ambayo mgeni hatayapata hata akikaa mwaka.

Vilevile mtoto wa Mida anayeutambua mkoko, mkandaa, mchu, muia na mlilana kwa kuangalia jani na mzizi, ameshaanza somo kabla ya kulipa karo. Aina za mikoko zinazoota Kenya ni tisa, na yeye anazijua zaidi ya nusu tangu utotoni. Chuo kitamwongezea majina ya kisayansi, namna ya kupima, na sababu za kila mmoja kuota mahali pake. Elimu ya nyumbani haipotei pale. Ndiyo inayomtanguliza.

Atachimenti, yaani mazoezi ya kazi, nayo ni rahisi kuipanga. Ofisi za KWS ziko Malindi, Watamu ni mwendo mfupi, KMFRI iko Mombasa na ina meli yake ya utafiti, Mtafiti, iliyotoka Ubelgiji. Mwanafunzi anaweza kulala kwao akafanya mazoezi ya kazi bila kulipa kodi ya chumba.

Sasa upungufu. Biolojia ya bahari bila kupiga mbizi ni nusu ya kazi, na cheti cha kupiga mbizi na mitungi ni gharama nyingine, ambayo mwanafunzi mara nyingi huitafuta mwenyewe. Muulize mhadhiri au mwanafunzi wa mwaka wa tatu: mmeingia baharini mara ngapi? Boti ni ya nani? Mliandika ripoti gani? Usiridhike na kuambiwa "tuna safari za mafunzo".

TUM ina upana. Unaweza kusoma usimamizi wa rasilimali za bahari, ambao uko karibu na wa Pwani, na unaweza kwenda upande wa uhandisi na unahodha. Digrii na diploma ziko ndani ya ukuta mmoja, na hilo ni jambo kubwa kwa mwenye C au C-, maana ataanza diploma na kupanda. Vitendo vyake ni karakana: kufungua injini, kuifunga tena, kupima, kuchonga chuma. Bandari ya Kilindini iko kisiwa hichohicho, na viwanda vya Mombasa viko jirani. Kwa fundi, Mombasa ni mahali bora kuliko Kilifi, sibishani. Kwa anayetaka miamba na viumbe, TUM itamfundisha vizuri pia, ila atakuwa mbali zaidi na mwamba anaoujua.

Bandari ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba mzazi asome polepole.

Kazi ya ubaharia duniani inatawaliwa na mkataba wa kimataifa wa 1978 unaojulikana kwa herufi STCW. Mkataba huo ndio unaosema baharia asipande meli ya biashara kabla ya mafunzo ya msingi: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wake na wa wenzake. Kuna na cheti cha ulinzi wa meli. Hizi ni kozi fupi zenye vitendo vikali. Unaruka majini na jaketi la kuokolea, unakigeuza chelezo cha kuokolea kilichopinduka, unaingia chumba chenye moshi. Bandari inazitoa, na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, ndiyo inayosimamia vyeti vya mabaharia nchini.

Lakini vyeti hivyo vya msingi ni ruhusa ya kupanda tu. Havimfanyi mtu kuwa afisa. Ili uwe afisa wa zamu kwenye sitaha, mkataba unataka angalau miezi 12 baharini ndani ya mpango wa mafunzo uliokubaliwa, pamoja na kitabu cha kumbukumbu za mazoezi, au miezi 36 ukiwa nje ya mpango kama huo. Baharia wa kawaida anayeshika zamu anahitaji miezi 6, au 2 akiwa na mafunzo maalumu. Na Kenya haina kundi kubwa la meli zake zinazovuka bahari kuu. Maana yake, miezi hiyo inategemea kampuni ya nje ikubali kumchukua kijana wetu. Wako vijana waliomaliza darasa vizuri kabisa, kisha wakakaa nyumbani wakisubiri meli.

Kwa hiyo swali la kuuliza Bandari, na TUM pia kwa masomo ya unahodha, ni hili: wanafunzi waliomaliza mwaka juzi wangapi wamepata muda wao wa baharini, na kwa kampuni zipi? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko picha zote za tangazo. Chuo chenye majibu kitayatoa.

Na kabla ya kulipa hata shilingi, mpeleke mtoto akapimwe macho. Afisa wa sitaha lazima atofautishe rangi, kwa sababu usiku meli huonyesha taa nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia, na kwa taa hizo ndipo unapojua mwenzako anaelekea wapi. Asiyeona tofauti ya rangi hizo hatapewa cheti cha sitaha, awe na akili kiasi gani. Ni kipimo cha dakika chache. Inauma sana mtu kukijua baada ya karo mbili.

Jambo jingine la ubaharia ni mawakala. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anaweza kugharimia cheti cha daktari, pasipoti na kitabu cha baharia, basi. Anayemwambia mzazi wa Malindi auze kiwanja ili kijana "apelekwe melini" anavunja mkataba huo. Muulizeni leseni yake ya KMA, kisha mwende KMA wenyewe mkaithibitishe.

Alama na masomo

KUCCPS, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni, huangalia alama, haisomi mapenzi ya mtu. Digrii inataka wastani wa C+ kwenda juu, diploma C-, na cheti D. Juu ya wastani huo kuna masomo ya kundi, yaani yale ambayo kozi yenyewe inayadai. Kwa biolojia ya bahari, Biolojia na Kemia ndizo zinazobeba mzigo. Kwa unahodha na uhandisi, Hisabati na Fizikia, na Kiingereza hakikwepeki kwa sababu ndiyo lugha ya redio na ya vitabu vya meli. Nimewaona wanafunzi wenye B- nzuri wakikosa kozi kwa sababu Fizikia waliiacha kidato cha pili. Kama mwanao bado yuko sekondari sasa hivi na anasema anataka meli, mazungumzo haya yanamhusu yeye kuliko kaka yake aliyemaliza.

Nyumbani, njia na pesa

Kilifi unaweza kurudi nyumbani Ijumaa jioni na ukawa darasani Jumatatu. Mombasa, kilomita 120 hivi, pia inawezekana, ila nauli huongezeka na foleni za kuingia mjini huchosha. Chumba Kilifi kwa kawaida ni nafuu kuliko Mombasa. Upande wa pili, Mombasa kila familia ya Malindi ina mtu: mjomba Kisauni, khalati Majengo, na mwanafunzi anayelala kwa jamaa zake hupunguza gharama kuliko aliyepanga Kilifi. Kwa hiyo usikubali ukiambiwa "Kilifi rahisi" bila kuhesabu hali ya nyumba yenu.

Anayepelekwa chuo kikuu cha umma na KUCCPS anaweza kuomba ufadhili na mkopo wa serikali. Mfumo ulioanza 2023 huangalia uwezo wa familia, na fomu yake ni lazima ijazwe kando. Kupata nafasi chuoni peke yake hakukuletei pesa. Mkopo wa shahada wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na nyumba nyingi za Kiislamu hapa kwetu zinaukataa kwa sababu hiyo. Nawaheshimu. Nawaomba tu wasiifunge fomu yote kwa ajili ya mkopo, kwa sababu ile sehemu ya ufadhili hairudishwi na haina riba. Waulize masheikh wao, waulize na chuo, mapema, wala si wiki ya kuripoti. Basari ya kaunti na ya CDF huombwa kwa wakati wake na hutaka barua ya chuo.

Kozi fupi za Bandari hulipwa kila moja peke yake. Ni pesa chache kuliko digrii ya miaka minne, lakini zinatakiwa zote mkononi. Omba orodha kamili ya vyeti vinavyohitajika kwa kazi unayoitaka, ujumlishe, uongeze cheti cha daktari, pasipoti na kitabu cha baharia, ndipo useme ni rahisi.

Mabinti

Nasikia bado: "Bahari si kazi ya mwanamke." Nani aliyekuwa akiokota chaza na kutafuta pweza maji yakipwa, kama si mama zetu na nyanya zetu? Kwenye biolojia ya bahari mabinti wa pwani wana nafasi kamili, na kwa maoni yangu wanahitajika zaidi, kwa sababu wanawake wachuuzi wa samaki huzungumza nao mambo ambayo hawatamwambia afisa wa kiume. Kinachowarudisha nyuma ni kuogelea. Mtoto wa kike amezaliwa hatua chache kutoka ufukweni na hajafundishwa kuelea. Mzazi mwenye binti anayetaka kozi yoyote kati ya hizi, mtafutie dada au mama wa kumfundisha tangu sasa, mahali pa sitara, kabla ya siku ya chuo. Na ukiwapigia chuo, uliza bila haya kuhusu mavazi ya majini, malazi ya wasichana na nani huongoza safari za mafunzo. Hayo ni maswali ya haki.

Sababu za kuomba, zikisemwa

KUCCPS haisomi barua, lakini kamati za basari huuliza, wafadhili huuliza, anayekuhoji kwa nafasi ya mafunzo atauliza, na babako atauliza kuliko wote. Sababu nyingi ninazosikia hazibebi kitu. "Ni chuo kikubwa." "Rafiki zangu wote wanaenda." "Ni karibu na nyumbani." Hii ya mwisho si mbaya, imeachwa njiani tu. Ukaribu una maana ukiunganishwa na kazi.

Mwanafunzi aliyekaa na jambo lake akalifikiri atasema hivi: "Naomba Biolojia ya Bahari na Uvuvi, Pwani, kwa sababu nimekulia Mayungu na nimeona wavuvi wetu wakienda mbali zaidi kila mwaka kwa samaki walewale. Nataka kujua mwamba wetu uko katika hali gani na kikundi chetu cha ufuo kifanye nini. Pwani iko karibu na mwamba huo, na nimezungumza na wanafunzi wawili wa kozi hiyo wakanieleza kazi zao za nyanjani. Najua mitungi ya kupigia mbizi nitaitafuta mwenyewe, na ninajua nitaanzia wapi." Hapo kuna mahali, kuna swali, kuna sababu ya chuo hicho na si kingine, na kuna dalili kwamba ameuliza. Kamati haina la kuongeza.

Wa meli naye aseme yake: macho yamepimwa, Fizikia na Hisabati zipo, anajua miezi 12 inatoka wapi na nani atamlipia vyeti vya msingi. Asiyeweza kujibu hayo hajakataliwa na mtu. Apewe mwezi mmoja aende Mombasa akaulize.

Nikiulizwa mpangilio

Mwenye C+ na Biolojia nzuri: Pwani mwanzo, TUM usimamizi wa rasilimali za bahari pili. Masomo hayo mawili yako karibu kiasi kwamba akikosa la kwanza hajapoteza njia.

Mwenye C+ na Fizikia nzuri, anayependa mitambo: TUM mwanzo. Vyeti vya msingi vya Bandari avifanye baadaye, kwenye likizo, ikiwa bado anataka meli. Nampendelea njia hii kuliko kwenda moja kwa moja melini, kwa sababu meli ikichelewa, ufundi wake unamlisha hapa nchi kavu.

Mwenye C au C-: diploma, na hapa TUM inashinda kwa sababu ya ngazi yake ya kupandia. Kama moyo uko kwenye ubaharia wa sitaha na macho yamepita, basi Bandari, akiwa na jibu la lile swali la muda wa baharini.

Wagumu ni wale wa katikati: alama za Biolojia na Fizikia zinalingana, anapenda samaki na anapenda meli. Huyo nisingemchagulia. Ningemtafutia siku mbili za likizo. Siku moja aende na watu wa hifadhi au wa BMU maji yakipwa, ashike kamba ya kupimia juu ya mwamba na kuandika idadi chini ya jua mpaka kazi iishe. Siku ya pili ashinde na fundi wa injini za boti, au akatembelee Kilindini kwa mpango wa shule. Mwalimu wake wa zamani anaweza kuziandikia barua zote mbili kwa asubuhi moja, na ni kabla ya tovuti ya KUCCPS kufungwa ndipo zina faida.